Hakimu wa Kitanda cha Dirishani

Kwako mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mashine zako za kufulia zinazunguka, na hao wasichana wa hoteli unaowasimamia wanakusikia unaposema. Ukitaka kujua hali yetu huku, Mama ni mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua kama kawaida yake. Shemeji yako ni mzima, watoto wazima. Mimi ni mzima wa mwili. Habari za roho ndizo zilizonikalisha hapa mezani mchana huu, siku yangu ya mapumziko, nguo zimelowekwa kwenye beseni na hakuna wa kuzifua.

Najua utashangaa kuona barua. Utasema dada amekuwa mtu wa zamani, simu zipo. Simu zipo, ndiyo, lakini nikifika kwenye neno lenyewe mtandao unakata, au unaitwa na meneja, au unaanza kulia nami nashindwa kuendelea, au Mama ananipokonya simu akuambie kila kitu kiko sawa. Barua huwezi kuikatia. Isome yote, hata pale itakapokuchoma, na usirukie mwisho.

Nianze na mwanao, maana najua macho yako yanamtafuta yeye kwenye kila mstari. Hakimu hajambo. Mguu umepasuliwa, usaha umetoka, homa imeshuka, na daktari anasema akiendelea kumeza dawa vizuri atatembea, kwa magongo kwanza, kisha bila magongo. Hayo umeshaambiwa. Ambalo hukuambiwa ni kwamba tulikaribia kumpotezea mtoto mguu wake kwa ujinga mtupu, na wajinga wenyewe ni sisi: wewe, Mama, na mimi pia. Dawa bado ni za muda mrefu. Tukirudia tuliyoyafanya, tutarudi tulikotoka.

Kazi yangu unaijua, lakini hujawahi kuiona wodi ya watoto saa ya dawa. Nikitokea tu mlangoni na toroli langu, kilio kinaanzia kitanda cha kwanza na kupokezana mpaka ukutani. Nani amewafundisha kuniogopa? Mama zao. Mtoto akikataa kula anaambiwa nesi huyo, atakuchoma sindano. Akichezea swichi ya taa, nesi huyo. Mimi nimeshika kikombe kidogo cha dawa ya maji yenye ladha ya chungwa, na mtoto anajificha chini ya shuka kama aliyeona chui. Halafu mama yuleyule ananigeukia kulalamika kwamba mwanawe hanizoei. Nimesema mpaka koo limenikauka, nimebandika tangazo ukutani, sasa nimenyoosha mikono.

Wengine hawatishi, wanadanganya. Wanamwambia mtoto ni juisi, mtoto anaonja, anagundua, na kuanzia hapo hata maji ya kunywa hayaamini. Au wanachanganya dawa kwenye kikombe kizima cha maziwa, mtoto anakunywa kidogo, yanayobaki yanamwagwa, nami nabaki kukisia ni dawa kiasi gani imeingia tumboni na kiasi gani imeingia kwenye sinki. Ukiwaambia waseme tu, mwanangu hii ni dawa, ni chungu, imeze halafu unywe maji, wanakutazama kama mtu ambaye hajawahi kuzaa.

Sasa mweke Mama yetu humo ndani. Siku aliyomleta Hakimu, homa imempanda na mguu umevimba chini ya goti, nilimwonyesha kiti cha anayemlinda mgonjwa. Kile kiti mpaka leo kinakaliwa na mkoba wake. Yeye yuko kitandani, miguu juu, kinyume na sheria, anawashauri mama wengine mambo ya tumbo na meno. Akitaka shuka la ziada anawaambia manesi wenzangu kwamba binti yake mkubwa ni wa hapahapa, kana kwamba hospitali niliachiwa urithi. Nikimkemea kwa adabu anaziba masikio kwa ujanja wake ule wa kujifanya hasikii, ingawa kusikia hasikii vizuri kweli, ndiyo maana simu zake zote anazungumza kwa spika na wodi nzima inajua mambo yetu.

Kwenye dawa, Mama ana mbinu moja tu, na mbinu hiyo ni wewe. Meza, mama yako anakuja kesho. Kunywa yote, mama yako akifika akukute umepona. Hata dada wa usafi akipita na deki yake alishajua wimbo, naye anaimba: maliza dawa mama aje. Mwanzoni Hakimu alimeza mbiombio, akalala huku anatazama mlango. Kesho yake akauliza kesho ni lini. Akaambiwa kesho. Si wewe mwenyewe uliyempa jina hilo la Hakimu, kwa kuwa tangu anaanza kusema hakubali neno bila ushahidi? Mara nyingine akaniita mimi, akaniuliza, "Mama Mkubwa, ni kesho hii au kesho nyingine?"

Nilimwambia Mama aache. Nilimwambia njia ya mwongo ni fupi. Akasema huo si uongo, ni kumtuliza mtoto, na kwamba mgonjwa haulizwi uji. Nikamwambia huyu wetu ndiye anayetuuliza sisi, tena ana miaka minane na kumbukumbu kutushinda. Nikamkumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Akanijibu kwamba methali hiyo alinifundisha yeye, nikiwa nakataa kunywa dawa ya kikohozi, na kwamba nisimrudishie vitu vyake.

Na wewe usijitoe. Ulikuwa unamwambia kwenye simu, nakuja karibuni mwanangu, wasikilize manesi. Ukishakata, yeye ananiuliza kama karibuni ni kabla ya kesho au baada yake. Nilikuuliza, unakumbuka? Ulisema, dada, usinibane. Nikakuacha, nikijua umebanwa tayari na huo mkataba wako wa usimamizi, na kwamba ukiondoka kabla ya muda nafasi inakwenda kwa mwingine. Nakuelewa. Lakini mtoto hajui mkataba ni kitu gani, anajua kesho.

Mwanzoni dawa ilikuwa ya kwenye dripu. Alilia kuchomwa, akatuita majina, lakini dawa ya mshipani haimuulizi mtu, inaingia. Homa ikashuka, uvimbe ukapungua, akaanza kuchungulia dirishani na kuhesabu magari. Daktari wa mifupa, kijana mwembamba asiyependa maneno mengi, akasema vizuri, tumtoe kwenye dripu, tumpe vidonge. Vidonge vyenyewe ni vile vya ganda gumu, rangi ya njano.

Kwa sheria yetu nesi hamhudumii ndugu yake. Mkuu wa wodi, tunayemwita Kamanda, aliniambia hivyo kwa ukali Hakimu alipolazwa. Manesi walipopungua, ukali ukapungua nao, akaniambia nikate mzizi wa fitina nimpe mpwa wangu dawa pamoja na wengine. Nikashukuru. Hakimu ndiye aliyekuwa mapumziko yangu. Unatoka kwa mtoto aliyekutemea dawa kifuani, unafika kitanda cha dirishani, unamkuta amekaa wima kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Anapokea kidonge mwenyewe, anakitia mdomoni, anapiga funda la maji, anasema tayari. Nilikuwa nawaonyesha wanafunzi wanaokuja kujifunza kwetu: mnaona, hivi ndivyo mtoto anavyomeza dawa.

Halafu homa ikarudi. Mguu ukavimba tena, ukawa mwekundu na wa moto, ukigusa tu anauma meno. Daktari akaagiza vipimo vya damu, akaongeza dozi, haikusaidia. Akaanza kuishuku dawa yenyewe, akataka kujua famasia wanaihifadhi wapi. Famasia wakaudhika, wakasema waulizwe manesi. Kamanda akasema manesi wake hawajawahi kukosea dozi. Mama akasema ni upepo wa dirishani, akadai mtoto ahamishiwe kitanda cha katikati. Tulipokuja kumhamisha Hakimu alikamata bomba la kitanda kwa mikono miwili, akapiga kelele ambazo hakuzipiga hata kwenye sindano. Tukamwacha. Nikadhani ni mapenzi ya kuangalia magari.

Picha ya mguu ilipotoka, daktari alituita ofisini mimi na Mama. Usaha umejikusanya kwenye mfupa. Ukiachwa utakula mfupa, na baada ya hapo hatutazungumza tena habari ya kupasua, tutazungumza habari ya kukata. Alitaka kufungua mguu na kuusafisha haraka iwezekanavyo. Alichohitaji ni ridhaa. Mama ni mlezi, akasema, anaweza kutia sahihi, ingawa kama mzazi anapatikana kwa simu angependa asikie kutoka kwake.

Mdogo wangu, hapo ndipo nilipoijua familia yetu. Mama alisukuma kalamu ile kama inayounguza. Alisema yeye hatii mkono wake kwenye kisu, mtoto ana mama yake. Tukakupigia, daktari na Kamanda wote wawili wakisikiliza, maana ridhaa ya simu lazima isikiwe na watu wawili. Daktari akakueleza kila kitu taratibu. Ulijibu nini? Ulisema, "Fanyeni mnavyoona." Kisha ukaitwa, simu ikakatika. Nikamtazama daktari kwa matumaini. Akaweka kalamu chini, akasema hiyo haikuwa ndiyo. Mtu akikwambia fanya unavyoona, maana yake hajaona yeye. Hawezi kumpasua mtoto kwa jibu hilo.

Tukakupigia tena. Ukasema tumuulize Mama. Mama akasema tumuulize baba mkubwa wa mtoto, kwa kuwa baba mwenyewe tangu aondoke namba yake haipatikani. Basi akaja huyo kaka wa baba yake Hakimu, amevaa koti, akauliza mkuu wa hapa ni nani. Hakumsogelea mtoto. Alisimama mwisho wa kitanda akatuhutubia kwamba kwenye ukoo wao hakuna aliyewahi kupasuliwa, na kwamba jambo zito kama hili haliamuliwi watu wakiwa wima, lazima ukoo ukae. Nikamuuliza ukoo utakaa lini. Akasema wiki hiyo ana shughuli. Nikamuuliza kama anajua huyu mtoto yuko darasa la ngapi. Mama akanifinya. Hasira zilinipanda mpaka nikaenda kusimama chumba cha vifaa, nikapanga upya masanduku ya glavu ambayo yalikuwa yamepangika vizuri tu.

Wakati huo wote tunatupiana mpira, mguu ulikuwa unavimba. Kamanda ndiye aliyepoteza uvumilivu. Alikupigia yeye mwenyewe mchana, kwa simu yake, akakuambia ukikata tena atapiga kwa meneja wako. Ukalia. Daktari akakuuliza kama umeelewa kitakachofanyika, ukamrudishia maneno yake vizuri kabisa, akakuuliza kama unakubali, ukasema ndiyo. Nilikuonea huruma siku ile, nakiri. Ndiyo ile ilikugharimu. Lakini hapohapo ukaongeza sharti: Hakimu asiambiwe. Ataogopa, ulisema, mwambieni anakwenda kupigwa picha nyingine. Mama akaitikia kwenye spika, ndiyo mwanangu, tutamwambia picha.

Kwenye wodi yetu mtoto wa umri wake huelezwa, kwa maneno yake, kabla ya kuguswa. Hilo nalifundisha. Na bado nilinyamaza. Daktari alipoiacha kazi hiyo kwetu, akidhani familia yenye nesi ndani yake itaifanya vizuri kuliko yeye, mimi nilimwachia Mama, na Mama akasema picha.

Machela yetu ina gurudumu lililokwama, kwa hiyo tukaamua kumpeleka kwa kitanda chake hichohicho. Mhudumu wa wodi akasukuma kichwani, mimi pembeni, Mama nyuma na mkoba. Mara tu tulipotoka mlangoni kitanda kikaanza kulia. Ni mlio wa vitu vidogo vinavyogonga chuma, kila tukipita kwenye kiungo cha sakafu vinamiminika upande mmoja, tukipita kingine vinarudi. Mhudumu akatania, akauliza kama mgonjwa amebeba mahindi. Mimi nilicheka. Halafu nikaona mkono wa Hakimu. Ulikuwa umeziba ncha ya lile bomba la pembeni ya kitanda, pale kwenye kizibo cheusi cha plastiki, na vidole vilikuwa vimekaza mpaka vikabadilika rangi.

Nikasimamisha kitanda. Nikautoa mkono wake taratibu, nikavuta kizibo, nikaliinamisha bomba kidogo. Vidonge vya njano vikamwagika kwenye sakafu ya korido, vingi, vikatawanyika mpaka chini ya mabenchi ya watu wanaosubiri. Vyote, mdogo wangu. Vyote nilivyompa kwa mkono wangu, nikiwa nimemgeuzia mgongo kabla hajafungua mdomo, mimi ninayewafokea wanafunzi wasiondoke kitandani mpaka mtoto ainue ulimi waone. Alikuwa anakibana shavuni, mimi nikisonga kwa jirani anakitema, anakifuta kwa shuka, anakitia ndani ya bomba. Kwa sababu alikuwa mpole, na kwa sababu ni damu yangu, sikumkagua hata mara moja.

Daktari alikuwa ametokea mlango wa chumba cha upasuaji, amevaa kofia. Akaokota kidonge kimoja, akakitazama, akachuchumaa kando ya kitanda. Hakumfokea. Alimuuliza tu kwa nini. Hakimu hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Mama alimwambia Bibi nikizidiwa ndiyo atakuja," akasema. "Nilikuwa naendelea vizuri."

Nadhani hapo umeshakumbuka. Ilikuwa ile siku alipotolewa dripu. Mama alikupigia, kwa spika, ameketi miguuni pa mtoto, akakuambia usijisumbue na safari, mtoto anaendelea vizuri. Nawe ukashusha pumzi, ukasema, haya Mama, basi akizidiwa mniambie nije. Mlidhani amelala. Hakimu akapima kesho zetu zote upande mmoja, na neno lako hilo upande wa pili, akaona lenye ushahidi ni lipi.

Mama aliegemea ukuta, akajifunika uso kwa mtandio. Daktari akaushika ule mguu, akaubonyeza, akatazama picha tena. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba usaha hautarudi nyuma kwa vidonge sasa, upasuaji uko palepale. Sikufichi jambo lingine alilosema: kama angekuwa amevimeza, huenda tusingefika pale. Kisha akatuuliza kama mtoto anajua anakopelekwa. Mhudumu akatazama juu. Mama akatazama mkoba. Daktari akasema hamgusi mtu ambaye hajui, hata kama mama yake amekubali mara mia.

Nikakaa juu ya kitanda, kinyume na sheria, watu wote wa korido wakinitazama. Nikamwambia hatuendi kupigwa picha. Nikamwambia mguu wake una usaha ndani, daktari ataufungua hapa, nikamwonyesha kwa kidole, auoshe, aushone. Nikamwambia atalazwa usingizi wa dawa, atahisi kuchomwa mara moja tu, pale mkononi, na akiamka mguu utauma na atapewa dawa ya maumivu. Akauliza kama mguu utabaki. Nikasema daktari anafanya hivi ili ubaki. Akauliza kama wewe unajua.

"Anajua," nikamwambia. "Yeye ndiye aliyekubali."

"Basi anakuja."

Hakuuliza. Alisema kama mtu anayefunga kesi. Mdogo wangu, neno lilikuwa mdomoni, ndiyo, kesho, tulivyozoea. Mama nyuma yangu alikuwa ananiomba kwa macho niliseme. Ningelisema, angeingia kule ndani anacheka.

"Sijui," nikamwambia.

Mhudumu akaanza kukohoa. Hakimu alitazama vile vidonge sakafuni. Kisha akajilaza mwenyewe, akavuta shuka mpaka kifuani, akasema, haya, twendeni. Mimi nililia baada ya mlango kufungwa, na Mama hakunibembeleza. Kwa siku mbili alikuwa ananijibu kwa kichwa tu, eti nimemvunja mtoto moyo mlangoni pa kisu. Labda ni kweli. Najua tu kwamba moyo ule ulianza kuvunjika kabla sijafungua mdomo wangu.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike. Hakimu anameza dawa zake. Nikifika na toroli anafungua mdomo kabla sijasema, anainua ulimi, ananionyesha na viganja, huku na huku. Kamanda anamsifu. Mama akianza kusema mama yako kesho, yeye anamkatiza, anasema, Bibi, nitameza tu. Tangu tulipotoka kwenye korido ile hajauliza tena unakuja lini. Si kwangu, si kwa Bibi, si kwa dada wa usafi. Simu yako ikiita anazungumza nawe kwa adabu, anasema asante mama, anampa Bibi. Wewe ukafurahi, nilikusikia kwenye spika ukisema mtoto amekua. Mama naye anamwambia kila mtu kwamba ametulia. Mimi nimeuguza watoto wa kutosha kujua kwamba anayelia bado ana mtu anayemtegemea. Wanaoniogopesha ni hawa wanaotulia.

Sikulaumu kwa kwenda. Nilikusindikiza mwenyewe, na sanduku nililibeba mimi. Ninachokulaumu ni kesho, na nakulaumu huku najilaumu, maana nilisimama pale kila siku nikiisikia. Kama unaweza kuja, njoo, wala usitangaze, mtoto akuone tu mlangoni. Kama huwezi, mpigie, mwambie yeye mwenyewe kwamba huwezi, mwambie sababu, mwambie mwezi utakaoweza, na mwezi huo usiukose. Atalia. Mwache alie mpaka amalize, usikate, na usimpe Mama simu. Mimi nitakuwa kando yake. Ukishindwa kuchagua moja kati ya haya mawili, usiniambie nifanye ninavyoona.

Mama anakusalimu sana, anasema ule vizuri na usisome mambo ya huyu dada yako ukiwa na njaa. Hajui nimeandika nini, amejua tu kutokana na uso wangu. Shemeji yako anakusalimu, na watoto wanauliza kama hoteli ina lifti. Kamanda naye anakusalimu, anasema asamehewe kwa ile habari ya meneja.

Hakimu nilimwambia jana kwamba nitakuandikia, nikamuuliza nikufikishie salamu gani. Alifikiri, macho dirishani. Alisema nikuambie tu kwamba anaendelea vizuri.

Ni mimi dada yako.